Fereti wangu anauma mtu akikaribia nyama yake, nifanyeje?

MamaZuu (Leeds)

Salaam jamani. Najua wengi humu ni watu wa paka na kuku, lakini juzi nimeona mmoja ametaja fereti nikapata moyo wa kuuliza.

Huku Uingereza fereti si mnyama wa ajabu. Wazee wa mashambani wanawafuga tangu zamani kwa ajili ya kuwindia sungura, na siku hizi watu wanakaa nao sebuleni. Kwa mlioko nyumbani, mfikirieni kicheche mrefu mwembamba anayelala karibu siku nzima, kisha anaamka kama mtoto aliyenyweshwa chai ya sukari nyingi.

Tunao wawili, wote wametoka kituo cha kuokoa wanyama. Karafuu ni jike, hana neno na mtu. Dafu ni dume, amehasiwa, kichwa cheupe pe mpaka mabegani, huko nyuma kijivujivu. Tuliambiwa aliokotwa akizurura kwenye vishamba vya mboga vya watu wa mjini, mbavu zinahesabika. Ukimtoa kwenye chakula, Dafu ni rafiki wa kila mtu. Atakupanda begani, atalala ndani ya mkono wa sweta yako.

Shida ni nyama. Zile punje kavu anakula na mwenzake pua kwa pua. Lakini mpe shingo ya kuku au kipande cha ini, hapo humjui tena. Anaikumbatia, anafoka, anaiburuta chini ya kochi, na mkono wa mtu ukipita karibu anauma na haachii. Zuu kaumwa kidole gumba wakati anaokota penseli yake tu, wala hakuwa na habari na nyama.

Baba Zuu anasema apigwe kipua ajue adabu, la sivyo arudi alikotoka. Yeye kwao walifuga mbwa, kwa hiyo kila mnyama kwake ni mbwa. Tunawalisha asubuhi na jioni, vizuri tu, hawalali njaa. Kuna mtu aliyepitia haya?

Mtega Sungura (Norfolk)

Dada, mwambie shemeji mkono aweke mfukoni kwanza. Fereti ukimpiga pua hajifunzi adabu, anajifunza kwamba mkono wako ukija karibu na nyama kuna vita, na safari ijayo ataanza yeye.

Mimi huku nafanya kazi shambani, na wakati wa baridi mwenye shamba hunichukua kwenda kutega sungura. Tunafunika midomo ya mashimo kwa nyavu, fereti anaingia, sungura anatoka mbio ananaswa. Nimewashika wengi, wapole na wakorofi. Nikisoma maneno yako, kilichonishtua si kuuma. Ni hiyo "asubuhi na jioni".

Huyu si mbwa. Utumbo wake ni mfupi, chakula kinaingia na kutoka kwa saa 3 au 4. Kwa hiyo ukimlisha saa moja asubuhi, ikifika saa sita mchana tumbo lake ni tupu, na jioni anakuja kwenye bakuli akiwa na njaa ya kweli. Fereti anakula kidogo kidogo, mara nane, mara kumi kwa siku. Sasa huyu wako alishawahi kufa njaa huko vishambani. Kila bakuli likiisha anaona mambo yameanza tena. Acha punje kavu mbele yao usiku na mchana. Usiogope unene, wengi wao hujipimia wenyewe. Watanenepa majira ya baridi, kiangazi watapungua, ndivyo walivyoumbwa.

Halafu nyama. Kitu anachoweza kukibeba ndicho atakachokificha, na anachokificha ndicho atakachokilinda. Kuweka akiba ni tabia yao, hutaiondoa. Kwa hiyo kwa sasa achana na shingo za kuku. Saga nyama na ini, weka kwenye bakuli zito la udongo. Nyama ya kusaga habebi mtu! Kila mmoja ale mahali pake: Karafuu kizimbani, Dafu bafuni mlango umefungwa. Bafuni ni vigae, utafuta kwa dakika moja, na hakuna kochi la kuingia chini yake. (Hilo kochi lako lichungulie leo leo. Utanishukuru, au utanilaani.)

Akila, usichukue kitu. Kaa chini mbali kidogo, kijiko kirefu mkononi chenye matone ya mafuta ya samoni. Mnyooshee kijiko, si mkono. Akija kulamba, mwache arudi kwenye nyama yake. Usimhadae ukamnyang'anya bakuli akiwa analamba, maana hapo umeharibu kila kitu. Shabaha ni ajue kwamba mtu akija, kitu kinaongezeka.

Akikung'ang'ania, usivute, meno yale yatachana ngozi. Teremsha mkono mpaka miguu yake iguse sakafu, maana akiwa ananing'inia ndiyo anabana zaidi. Asipoachia, maji ya baridi ya bomba usoni. Kumshika ngozi ya shingo mpaka anapiga miayo ni dawa nzuri akiuma kwa mchezo, lakini usijaribu akiwa juu ya nyama.

Mzee wa Pangani

Mwanangu MamaZuu, huku kwetu kicheche akionekana karibu na banda la kuku watu wanatoka na rungu. Ninyi mnamfungulia bafu na mafuta ya samaki kwa kijiko! Haya, dunia ina mengi.

Lakini huyo Mtega Sungura amesema kweli. Mnyama aliyelala njaa halindi chakula, analinda roho yake. Poleni na kidole cha mjukuu.

Neema (Minneapolis)

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya wanyama. Naunga mkono ya Mtega Sungura, nina machache ya kuongeza.

Kwanza kidole. Kama kilioshwa kwa maji mengi na sabuni sawa, ila hakikisha chanjo ya pepopunda ya mtoto haijapitwa, na kikivimba au kuwa chekundu apelekwe kwa daktari. Huku Marekani fereti huchanjwa kichaa cha mbwa, na akiuma mtu anawekwa chini ya uangalizi siku 10 sawa na mbwa au paka. Huko kwenu ugonjwa huo hauko kwa wanyama kama hawa, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Pili, Dafu ana umri gani? Tabia hii alikuja nayo au imeanza karibuni? Kama imeanza karibuni, mpeleke apimwe. Fereti wakipita miaka mitatu wanasumbuliwa sana na uvimbe kwenye kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi, sukari inashuka, na njaa yake inakuwa si ya kawaida. Utamwona anakodoa macho kama hayupo, udende unamtoka, anajiparura mdomo kwa kucha, miguu ya nyuma inalegea. Ukikuta hivyo, mpake asali kidogo kwenye ufizi, kisha daktari siku hiyo hiyo. Tazama na mkia: manyoya yakipukutika kuanzia huko, na dume aliyehasiwa ameanza ukali wa dume mzima, mara nyingi ni tezi zilizo juu ya figo. Meno pia. Mwenye jino bovu hapendi kusogelewa akila.

Tatu, hili ndilo lililonifanya niandike. Umesema kichwa cheupe mpaka mabegani. Fereti wa rangi hiyo wengi wao ni viziwi kabisa. Akiwa amekupa mgongo, tikisa funguo nyuma yake, asione wala asisikie upepo wa mkono wako. Kama ni kiziwi, Zuu alipoinama kuokota penseli, kwa Dafu ule mkono ulitokea hewani tu.

MamaZuu (Leeds)

Jamani. Jamani!

Funguo nimetikisa, sufuria nimegonga, Baba Zuu akapiga mluzi ule wa kuitia mbwa. Karafuu karuka mpaka kwenye pazia. Dafu yuko vile vile analamba mguu wake. Nimekaa sakafuni nikacheka na kulia pamoja. Kumbe muda wote tunamwita jina, tunasema "hana heshima, haitiki".

Neema, kituo walikisia miaka miwili, na ukali alikuja nao tangu siku ya kwanza. Mkia una manyoya yote. Daktari nimepata nafasi wiki ijayo, nitamwomba aangalie meno na sukari.

Mtega Sungura, kochi tumeliinua. Sitasema tulichokikuta, watu wanakula. Nitasema tu kwamba ile harufu niliyokuwa nikimlaumu nayo mtu wa viatu, ilikuwa si viatu.

Punje sasa zipo muda wote. Siku za mwanzo alikula kama anafukuzwa, akabeba nyingine kuficha ndani ya kiatu, lakini naona mwendo umepungua, anakula mbili tatu anaenda kulala. Tukiingia chumbani tunakanyaga sakafu kwa nguvu kwanza, anahisi mtikisiko anageuka. Wazo la Zuu hilo, mimi sikufikiria. Zuu mwenyewe bado haingii bafuni wakati wa nyama, hilo nimekataa.

Kijiko kimeshikwa na nani? Baba Zuu. Kakaa juu ya beseni lililopinduliwa, kijiko mkononi, anamwambia kiziwi "njoo baba, njoo". Nyama ya kusaga Dafu sasa anaiacha anakuja kulamba, bila kufoka. Ini la kipande bado ni vita, nilijaribu mara moja nikaona nisirudie.

Maswali mawili. Vifaranga wa siku moja waliogandishwa, ambao duka la wanyama wanawauza, vipi? Mume hataki wakae friza moja na kuku wetu. Na je, itafika siku Dafu na Karafuu wale nyama bakuli moja?

Mtega Sungura (Norfolk)

Vifaranga ni chakula kizuri sana, mfupa na manyoya yote yanaliwa, lakini wanabebeka, kwa hiyo kwa Dafu bado. Ukifika wakati wake, mpe bafuni kimoja, akimalize ndipo ufungue mlango. Friza nunua ndogo ya mitumba uweke gereji, ndoa ni muhimu.

Bakuli moja, sahau. Wangu wamezaliwa tumbo moja, wanalala kwenye bembea moja wamejikunja hujui mkia wa nani, na bado nyama ya sungura kila mmoja nampa kwenye sanduku lake. Wala siioni kuwa ni shida. Nanawa mikono nikimaliza, maana ukienda kumbeba ukiwa unanuka sungura atakuonja, na hapo kosa si lake.