Re: Jina liko Kisauni, mie niko Doha

Asalaam aleikum wakubwa. Mie n'lijiandikisha kura skuli ya pale mtaani kwetu Kisauni, Mombasa, kabla sijapata viza, saa hii niko Doha, Qatar, mwaka wa pili. Nasikia ubalozini watu hupiga kura. Uchaguzi wa Kenya wa 2027 n'kienda ubalozini na pasipoti watanikubalia ama mpaka nikate tikiti nirudi nyumbani? Ofu yangu ni Ijumaa peke yake. Na mdogo wangu kashapata kipande (kitambulisho), yuasema angoja ifike karibu ndio ajiandikishe.

---

Waaleikum salaam mwanangu. Kweli 2022 Qatar ilikuwemo kwa nchi za nje ambako Wakenya walipiga kura, nchi 12 kwa jumla, lakini jina lako liko Kisauni na daftarini jina halikai pawili. Pasipoti siku ya kura haitakusaidia kitu, lazima uhame kituo mapema tena ufike mwenyewe maana wataka vidole, ndio hiyo ya kujiandikisha kwa simu mnayoililia nyinyi vijana haijafika, simu haina kidole chako. Mie naona dawa si simu, ni hizo mashine za kuandikisha zipelekwe kambini wanakolala vijana siku ya Ijumaa, kwani nani atakupa ruhusa Jumatatu uende ubalozini?

Lakini fikiria kwanza. Ukihamia Doha utapiga kura ya rais tu, gavana, mbunge, MCA (mwakilishi wa wadi), wote hao huwapati, na mamako akilia maji hayatoki hamlilii rais! Mwanangu mie 2022 alikata tikiti kutoka Dubai akafika Mombasa kwa ile tarehe 9 Agosti, kumbe karatasi za ugavana zimechanganywa picha, kura ya gavana ikasongezwa mpaka 29, na likizo yake ishakwisha. Akarudi na wino kidoleni na gavana hakumchagua. Safari hii ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne, kwa hivyo likizo omba sasa kabla wenzio hawajaiwahi.

Huyo mdogo wako mwambie asingoje, kujiandikisha kulifunguliwa tena tangu Septemba 2025, aende na kipande chake ofisi ya tume ya uchaguzi hapo hapo Kisauni, saa hii hakuna foleni. Siku za mwisho ndio utaona watu wamejaa mpaka barabarani na mashine inagoma.

---

Nyinyi mwabishana Ijumaa na Jumatatu, sie wa Saudia 2022 hata orodhani hatukuwemo, na vijana wa pwani huku ni tele, madereva, walinzi, madada wa majumbani. Ndio maana nje nzima waliandikishwa 10,443 peke yao, na daftari lote lilikuwa na zaidi ya milioni 22. Halafu twaambiwa diaspora hawana haja na kura.

---

Shukran mamangu. Basi sihami, naomba likizo. Dogo n'shampigia, asema kipande kakiacha kwa nyanya Likoni, yuenda kukichukua kesho akivuka feri.