Metali yenye giza: ipewe ukumbi Dar, au ibaki kwenye hedfoni?

Mleta mada, Kinondoni

Wakuu, kila ikitajwa jioni ya kusikiliza metali (roki ya gitaa nzito), ya gothiki yenye huzuni na giza na ya progresivu yenye nyimbo ndefu zinazobadilika, kwenye ukumbi hapa mjini, hoja zinazoletwa kuizuia ni zilezile: ni muziki wa kuzimu, ni kelele, si wetu. Napinga zote tatu. Gothic ya bendi ya Paradise Lost (1991), October Rust ya Type O Negative (1996) na Blackwater Park ya Opeth (2001) ni albamu za kusikilizwa mwanzo hadi mwisho. Hiyo ya Opeth inapita saa nzima, na wimbo wake wa mwisho peke yake unazidi dakika 12. Gitaa laini linatangulia, linakaa, ndipo uzito unaingia, na uzito ule unakugusa kwa sababu ya utulivu uliotangulia. Ukikata kipande cha sekunde 30 cha kurusha kwenye simu, kinachobaki ni makelele kweli. Unahitaji watu waliotulia na spika zinazofikia besi ya chini. Anayepinga aseme sababu.

Mwalimu wa kwaya, Mbagala

Ndugu mleta mada, mimi napinga. Huzuni tunaimba hata sisi, misibani na siku za Kwaresma, lakini wimbo wetu unamfikisha mtu mahali. Hapa kijana anakaa saa nzima ndani ya kifo na kukata tamaa, halafu taa zinawashwa anaambiwa nenda nyumbani. Na ile sauti ya kunguruma hata maneno haisikiki, sasa mzazi atajuaje kinachoimbwa?

Mpiga gitaa, Sinza

Mwalimu, la maneno nakuachia kwa sasa. Lakini giza la sauti ni kazi ya mikono, halina jini. Chukua albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath, 1970. Rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) inayoifungua inapiga nota ya G, inaruka G ya juu, inashukia C kali (C#). Kutoka G ya chini hadi hapo ni nusu toni sita, yaani hatua sita ndogo kabisa za gitaa. Nusu toni moja zaidi ungefika D, nota ya tano ya ngazi inayoanzia G, ambayo sikio linaitegemea ili litulie. Haifiki, na wasiwasi unaousikia ni huo.

Uzito nao una historia ya kiwandani. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya mabati huko Birmingham, akalazimika kutafuta nyuzi nyepesi, na kufikia 1971 alikuwa anashusha gitaa nusu toni tatu katika baadhi ya nyimbo. Waliofuata walishuka zaidi, uzi mnene wa E ukafika hadi B. Anayetaka kujaribu asishushe nyuzi za kawaida za 10 kwa 46 (unene wa uzi mwembamba na mnene, kwa sehemu za elfu za inchi): zitalegea, zitagonga vyuma vya shingoni na nota zitayumba. Weka seti ya kama 13 kwa 62, panua mifereji ya kidaraja cha juu ili uzi mnene ukae, rekebisha chuma cha ndani ya shingo kwa sababu mvuto umebadilika, kisha sogeza vishikio vya darajani nyuma hadi nota ya chuma cha 12 iwe oktava moja kamili juu ya uzi usiobonyezwa. Na kwa hewa yetu ya chumvi, futa nyuzi kila ukimaliza.

Mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu), Ilala

Hii ya "si wetu" ndiyo inayoniuma. Hijaz ya taarabu, ile ngazi ya nota, ni nini? Kutoka D unapanda nusu toni moja, kisha tatu, kisha moja. Ule mruko wa katikati ndio unaomfanya mtu ashike kifua. Wapiga metali wanaitumia ngazi hiyohiyo, wakianzia E mara nyingi. Na midundo ya saba ya progresivu, hesabu mbili-mbili-tatu kwa makofi, utaishika kabla chai haijapoa. Aliyezoea ngoma zetu, ambapo tatu inapigwa juu ya mbili, ana mwili ulio tayari. Jirani zetu wa Nairobi wametoa bendi ya Duma, na Botswana ina bendi ya Overthrust. Sikio la Mwafrika halijakataa kitu hapa.

Fundi mitambo, Kariakoo

Kwangu hoja nzito ni kelele, na mleta mada ameipita haraka mno. Ukumbi wenye paa la bati na sakafu ya vigae unaua muziki huu. Dramu la mguu kwenye kasi ya midundo 180 kwa dakika linaweza kupigwa mara 12 kwa sekunde. Mwangwi wa sekunde mbili unarundika mapigo 24 juu ya mengine, unasikia ngurumo tu. Watu hutundika mapazia wakadhani wamemaliza, kumbe pazia linakula sauti za juu na kuacha besi, ukumbi unazidi kuwa tope. Weka sponji nene kwenye pembe, na kata gitaa chini ya 90 Hz (mitetemo 90 kwa sekunde) ili besi na dramu vipate nafasi.

Kwa majirani: besi inapita ukutani. Panga sabufa (spika za besi) mbili, moja mita 1.4 nyuma ya nyingine. Ya nyuma igeuzwe polariti (koni isukume pale nyingine inapovuta) na icheleweshwe milisekunde 4. Karibu na 60 Hz mawimbi yanaongezana mbele na kufutana nyuma, kwa hiyo mgongo uelekee nyumba za watu. Ukikosea ukageuza bila kuchelewesha, utapoteza besi mbele na jirani bado atapiga simu kwa mamlaka ya mazingira. Shirika la Afya Duniani linataka wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Mimi ningekaa 95.

Mwalimu wa kwaya, Mbagala

Fundi amenijibu la kelele, na mpiga kanuni amenifundisha kitu kuhusu Hijaz. La maneno bado. Nipeni karatasi mlangoni yenye tafsiri ya kila wimbo kwa Kiswahili, na umri wa kuingia uanzie 18.

Mleta mada, Kinondoni

Umri nakubali. Blackwater Park ina nyimbo nane, na mmoja kati yake hauna maneno. Naanza kutafsiri saba zilizobaki, Mwalimu, nawe uzipitie kabla hazijachapwa.