Kuvua kolekole kwa fimbo Mtwara mjini, niende maji gani?

Mgeni_wa_Songea:
Wakuu habari za leo. Nipo Mtwara kikazi tangu mwaka jana, kwetu Songea samaki tunaletewa wa Nyasa so bahari naijua kwa kuiangalia tu. Sasa nimenogewa na zile video za Wamarekani wanaovua striped bass mwisho wa kiangazi chao, jamaa kasimama ufukweni usiku maji yapo kiunoni anatupa fimbo, mara anavuta lisamaki lina mistari ubavuni kama limevaa jezi. Na mimi nikanunua fimbo na rili Dar, na vile visamaki vya plastiki. Naenda Shangani jioni nikitoka kazini, naambulia vichangu vya kukaanga tu. Huyo samaki huku yupo? Kama hayupo nani anamkaribia kwa ubishi? Naona kusi ndo linalegea saivi bahari imetulia, ndo wakati wake au nisubiri kaskazi?

Chubwi_Zito:
Huyo huku humpati mkuu, ni wa Atlantiki upande wa Marekani na kuzaa anapanda mitoni huko huko kwao. Wako wewe ni kolekole. Yule mkubwa kabisa anapita mita 1 na kilo 50, ila hao wa ufukweni kilo mbili tatu wanatosha kukutoa jasho, anapokula tu anakimbilia mwambani na nailoni inakatika unabaki na fimbo yako.

Wakati ndo huu, kusi likiwa limekaza upande wa nje hausimami. Shida yako naiona kwingine, unaenda jioni ukitoka kazini, bahari haijui saa za ofisi. Angalia mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji hapa kwetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo saa nne asubuhi ni kupwa, ndo maana unaona kina mama wako kwenye miamba wanatafuta pweza, afu yanajaa mpaka saa kumi jioni hivi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo siku mbili tatu baada ya mpevu maji yanajaa magharibi. Hapo ndo pako, giza linaingia maji yamejaa yanaanza kutoka, vidagaa vinasombwa na mkondo na kolekole anavisubiri pale mkondo unapobana. Ukienda maji mafu, yaani siku za mwezi nusu, mkondo umelala, utakula upepo tu na simu yako mkononi.

Mlindi_Ughaibuni:
Mimi kwetu Lindi ila niko Massachusetts, hao striped bass nawavua. Mwenzangu hapo juu kasema kweli tupu hata huku ni hivo hivo. Mwezi wa 8 maji ya ufukweni yanakuwa na joto, mchana samaki wakubwa wanajificha kwenye kina, watu wanatoka usiku au alfajiri. Kuna mfereji unaitwa Cape Cod Canal mkondo wake unakimbia balaa, watu wanapiga hesabu ya maji yageuke alfajiri, vibua vikiingia tu striped bass wako nyuma yao unaona maji yanachemka. Ila huku sheria kali, baharini unabeba 1 tu kwa siku na awe kati ya inchi 28 na 31, yaani sentimita 71 mpaka 79, mkubwa zaidi unamrudisha ndio mzazi. Na ukitumia chambo halisi, sio cha plastiki, lazima ndoano ya duara. Hiyo itafute hata huko mdogo wangu, samaki anashikwa pembeni ya mdomo hamezi mpaka tumboni, ila usikurupuke kuvuta, mwache aondoke nayo yeye mwenyewe.

Bint_Mikindani:
Hivyo visamaki vya plastiki unalisha miamba kaka angu 😂 nenda soko la samaki la feri asubuhi nunua ngisi mbichi au kibua, kata vipande virefu. Babu zangu wanavua kolekole kwa mshipi wa mkono na chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoano, fimbo hawaijui, na wanakula kila siku.

Chubwi_Zito:
Dada plastiki inakula vizuri tu akiivuta haraka juu juu wakati vidagaa vinaruka, watu wanarambaza nguru, yaani wanaburuta chambo nyuma ya chombo, kwa vitu hivo hivo. Usiku ndo akae na ngisi. Na karibu na ndoano afunge waya mfupi, mzia, wale samaki warefu wa meno makali, wakipita wanakata nailoni kama wembe.

Mgeni_wa_Songea:
Asanteni sana wakuu, nimeelewa kumbe naenda maji yamekufa. Je nikienda Msimbati? Nasikia kule kina kipo karibu na nchi kavu

Bint_Mikindani:
Kipo kweli ila ile ni hifadhi ya bahari tangu 2000, Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, ulizia kibali kwanza kwa wahifadhi usije ukanyang'anywa fimbo yako ya Dar. Na bandarini usisogee walinzi hawana utani. We panda kivuko nenda Msangamkuu ukaulize wazee wanavua wapi, ukiwasalimia vizuri shikamoo yako imekaa sawa watakuonyesha.

Mlindi_Ughaibuni:
Vaa viatu vigumu miamba ina miba, na ukirudi osha rili kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, chumvi ikilala humo ndani mwezi hauishi haizunguki.