Mfuatano wa mistari katika herufi za Kichina: kitabu na video vinapingana, nifuate kipi?

Mwanafunzi wa Makulu

Habari za wakati huu ndugu zangu, na shikamooni mlio wakubwa. Ninaishi hapa Dodoma Makulu na huu ni mwezi wa nne tangu nianze kujifunza Kichina jioni baada ya kazi, kwa kitabu na kwa video za simu. Matamshi yananitoa jasho lakini yanakwenda; kinachonikwamisha ni kuandika. Wiki iliyopita dada mmoja aliyesoma lugha hiyo chuoni alinitaka niandike mbele yake, nami nilipomaliza herufi 田, yaani shamba, alisema umbo ni zuri ila nimekosea mfuatano, kwa kuwa ndani ya kisanduku nilipiga mstari wa wima kabla ya ule wa mlalo. Hivyo ndivyo video ilivyonionyesha. Nani yuko sahihi? Na ikiwa herufi ikikamilika inaonekana vilevile, kuna haja gani ya kujali mstari upi umetangulia?

Mkalimani

Marahaba, mdogo wangu. Dada yako yuko sahihi, na video yako nayo haikukudanganya, kwani bila shaka ilikuwa inafundisha Kijapani. Wajapani walizichukua herufi hizi kutoka China, lakini shuleni kwao baadhi huandikwa kwa mfuatano tofauti. Katika 田 wao hutanguliza wima wa ndani, ilhali China hutanguliza mlalo. Katika 王, mfalme, Mchina hupiga milalo miwili, kisha wima, kisha mlalo wa chini. Mjapani hupiga mlalo mmoja, wima, ndipo milalo miwili iliyobaki. Wewe unayejifunza Kichina fuata utaratibu wa China, ambao serikali yao iliutangaza mwaka 1997 kwa herufi 7,000, na ambao toleo lake jipya, lililoanza kutumika mwaka 2021, lina herufi 8,105.

Usiogope idadi hiyo, maana kanuni zenyewe ni chache: anza juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, mlalo hutangulia wima zinapokatana, kama katika 十, na ukuta wa nje hutangulia vilivyomo ndani. Kanuni ninayoipenda zaidi ni ya kufunga mlango. Katika 国, nchi, unajenga kwanza ukuta wa kushoto, kisha paa na ukuta wa kulia kwa mstari mmoja unaokunjwa kwenye kona, unaingiza vyote vya ndani, ndipo unapoufunga mlango kwa mlalo wa chini. Jumla ni mistari minane. Wengi wetu hapo mwanzo tulichora kisanduku kizima kwanza kisha tukajaza, na ndiyo maana 口, mdomo, tuliiandika kwa mistari minne wakati ina mitatu. Kosa hilo litakuumiza siku utakapotafuta neno katika kamusi inayopanga herufi kwa idadi ya mistari, kwa sababu utafungua ukurasa ambao neno hilo halimo.

Mwana wa Kondoa

Naomba niongezee kuhusu swali la pili, maana ndilo lenye uzito. Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa kuliandika neno zima la Kiarabu kwanza, kisha kurudi kuweka nukta, na mkono ukishazoea hivyo mwandiko unakwenda bila kusita. Kichina nacho kiko hivyo. Mchina anapoandika kwa haraka hainui kalamu kila mara, kwa hiyo kalamu huacha uzi mwembamba kutoka mwisho wa mstari mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Asiyejua mfuatano ataudhani uzi huo ni sehemu ya herufi, na hataweza kusoma hata maelezo mafupi ambayo mwalimu ameyaandika ubaoni kwa mkono. Baadhi ya programu za simu pia hufuata mwendo wa kidole, na ukienda kinyume zinakuletea herufi nyingine.

Mwanafunzi wa Makulu

Nawashukuru sana kaka zangu. Nimeitazama upya video ile na kweli mwalimu anahesabu kwa Kijapani. Sikuwa nimelitambua hilo. Je, nianze upya na herufi zote nilizokwisha kuzikariri?

Mkalimani

Hapana, zilizo nyingi zinafanana pande zote mbili. Kagua zile zenye 田 na 王 ndani yake, pamoja na 右, kulia, ambayo China huanza kwa mlalo na Japani kwa mstari wa mshazari. Nunua daftari la hesabu lenye miraba, uunganishe miraba minne iwe nyumba ya herufi moja, ili msalaba wa katikati ukuongoze kupima nafasi. Andika herufi tano kwa siku, ukitaja kila mstari kwa sauti, na mwombe yule dada akutazame unapoandika, kwa sababu daftari lililokamilika haliwezi kumwonyesha ulianzia wapi.