Barbados, Jamaica, Grenada au Punta Cana? Tunasafiri na mama mwenye magoti mabovu

BintiMvita:
Assalaam alaykum, na wengine hamjambo. Naomba ushauri wa mtu aliyekwenda mwenyewe, si aliyetazama picha. Tuko Dallas: mimi, mume wangu, watoto wawili (miaka 9 na 6), na mamangu atakayekuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi mitatu. Shule hapa hufungwa wiki moja katikati ya Machi. Mwaka 2027 Ramadhani itaisha mapema mwezi huohuo, kwa hiyo tutakuwa tushakula Idi.

Mama ana miaka 71. Ngazi haziwezi. Hali nyama ambayo hajui imechinjwa vipi. Lakini bahari! Mtoto wa Mvita, akiona maji huingia na dera lake, hamtamtoa mpaka magharibi.

Mume anataka Jamaica kwa ajili ya muziki. Mimi moyo wangu uko Barbados. Shoga yangu ananivuta Punta Cana, kule Jamhuri ya Dominika, ati hakuna kuhangaika. Na kuna mtu kaniambia Grenada ni kisiwa cha viungo kama Unguja. Tuna dola 6,000, tiketi mbali. Mwanzo nilisema twende Agosti, mume akakataa katakata kwa sababu ya vimbunga. Sisi tuna pasi za Marekani, mama ana ya Kenya.

MzigoMwepesi:
Dada, kwa Agosti shemeji yuko sahihi, usimnunie. Msimu wa vimbunga kule ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na moto wenyewe ni Agosti mpaka Oktoba. Machi ni kiangazi, ndiyo maana bei ziko juu.

Jamaica nimekwenda mara mbili, naipenda, ila sikiliza. Kile si kisiwa cha kuzunguka asubuhi ukarudi kula mchana. Kina karibu kilomita za mraba 11,000, na milima ya Blue Mountains inafika mita 2,256. Ukilala Montego Bay na shemeji akataka kuiona nyumba ya Bob Marley pale Hope Road, Kingston, hiyo ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Maporomoko ya Dunn's River, ambayo kila mtu atakwambia uende, watu huyapanda mwambani wameshikana mikono huku maji yanawapiga kifuani. Mama atabaki chini analinda viatu.

Mazuri yake: ndege inatoka Dallas moja kwa moja hadi Montego Bay, na ufuo wa Negril ni mrefu, tambarare, mchanga mtupu. Ukichagua Jamaica, lala Negril. Ila kumbuka kimbunga Melissa kilipiga kusini magharibi mwa kisiwa tarehe 28 Oktoba 2025, kikiwa daraja la 5, na mji wa Black River uliumia vibaya sana. Kabla ya kulipa piga simu hotelini uulize maji, umeme na barabara. Usiulize kama wamefungua, kila mtu atakwambia ndiyo.

NesiTampa:
Mimi nitamtetea shoga yako kidogo. Punta Cana tulikwenda watu kumi na wawili, watoto saba. Unalipa mara moja, chakula, vinywaji na michezo vyote ndani. Hoteli nyingi ni kubwa lakini ardhi ni sawa, kuna vigari vya kubeba wazee kutoka chumbani hadi ufukweni. Mama mkwe wangu alipelekwa kama malkia. Na kutoka Dallas ndege ni moja.

Kwa pasi ya mama: Jamhuri ya Dominika humpokea mwenye viza halali ya Marekani, haombi nyingine. Kuna fomu ya kuingia na kutoka inayojazwa kwa intaneti, ni ya BURE. Ukikuta tovuti inakudai pesa kwa fomu hiyo, funga.

Sasa nisifiche. Nguruwe yuko kila meza, na vijiko vya kupakulia vinahama sahani hadi sahani. Mama mkwe mwishowe alikuwa anakula mayai, matunda na wali. Jingine, ukitoka nje ya geti ni Kihispania tu. La tatu ni zito. Kile kisiwa wanakigawana na Haiti, na msako wa wahamiaji huangalia rangi. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa tahadhari kwamba raia wake wenye ngozi nyeusi wamesimamishwa na kushikiliwa. Sisi hatukupata shida, ila tulikuwa ndani ya uzio wiki nzima. Mume wangu alitoka mara moja kununua dawa, na pasi yake mfukoni.

BintiMvita:
NesiTampa, hilo la tatu limenishika. Mume wangu ni mtu wa kutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutembea peke yake, pasi ataiacha mezani. Punta Cana nimeifuta.

BahatiMontreal:
Jambo dada. Mbona hakuna mtu anasema Martinique? Sisi kutoka Montréal tunaenda na ndege moja mpaka Fort-de-France. Ni Ufaransa kabisa, unalipa na euro, barabara nzuri, mkate mzuri. Tuliona Saint-Pierre, ule mji ambao mlima Pelée uliua 8 Mei 1902, watu karibu elfu thelathini kwa dakika chache. Watoto wangu bado wanauliza habari za yule mfungwa aliyepona kwa sababu alikuwa ndani ya gereza lenye kuta nene.

BintiMvita:
Bahati, ahsante, lakini Kifaransa chetu ni "bonjour" tu, na hata hiyo tunaitamka vibaya.

Mshelisheli:
Aliyekwambia Grenada ni kama Unguja hakukosea, ila hakumaliza. Mimi mtu wa Ng'ambo, Unguja, niko Uingereza. Nilikwenda miaka mitatu iliyopita nikiwa na hamu ya kuona wenzetu wanavyofanya.

Sisi karafuu, wao kungumanga. Imo mpaka kwenye bendera yao. Ukienda Gouyave, magharibi mwa kisiwa, kuna ghala la kungumanga ambapo wanakuonyesha zinavyokaushwa na kupangwa kwa daraja. Basibasi ile nyekundu inayoizunguka kokwa wanaibandua kwa mkono kama sisi. Wazee wanasimulia kimbunga Ivan cha 2004 kama wazee wetu wanavyosimulia Mapinduzi, kila kitu ni kabla yake au baada yake, kwa maana kiliangusha mikungumanga mingi mno, na mti huo ukipanda leo unasubiri miaka.

Kilichonitoa machozi lakini ni chakula. Chakula chao cha taifa wanakiita "oil down": shelisheli limepikwa kwa tui la nazi mpaka tui likauke, na majani ya magimbi ndani, bizari juu. Nikasema, huyu kampikia nani kama si mamangu? Shelisheli wenyewe hawakuzaliwa nalo, Waingereza walilileta Karibi kutoka bahari ya Pasifiki mwaka 1793 walishe watumwa. Sasa wanaliapia. Angalizo kwa Bi Mkubwa: kawaida hutiwa nyama ya chumvi, mara nyingi nguruwe. Nilimwomba mpishi mmoja anipikie na samaki, akafanya kwa furaha.

Ufuo wa Grand Anse una kilomita tatu hivi, maji yametulia. Mji wa St. George's ni mzuri kwa macho, ila ni milima mitupu, vichochoro vinapanda kama ngazi za mnara. Mama asikanyage, autazame kutoka kwenye gari. Kimbunga Beryl cha 1 Julai 2024 kilivunja Carriacou, kisiwa kidogo cha kaskazini. Grand Anse iko mbali nacho. Pesa yao ni dola ya Karibi Mashariki, dola moja ya Marekani ni 2.70, haibadiliki tangu 1976.

MzigoMwepesi:
Mshelisheli umeandika mpaka nimesikia njaa. Ila ndugu yangu, watu watano kutoka Dallas wanabadilisha ndege Miami na mzee mwenye magoti. Hilo nalo ulihesabu?

Mshelisheli:
Barbados pia watabadilisha. Kwa hiyo hapo ni sare.

Kibarazani:
Ni sare kweli. Mimi nilisoma chuo Cave Hill, Barbados, miaka mitatu, basi niseme ninachokijua, pamoja na ubaya wake.

Kisiwa ni kidogo, kilomita za mraba 430 na kidogo. Unguja inaingiza Barbados zaidi ya tatu. Kwa sehemu kubwa ni tambarare. Gari linaendeshwa kushoto kama Mombasa. Siri ya Barbados ni hii: ina bahari mbili. Magharibi, kuanzia Bridgetown hadi Holetown na Speightstown, ni maji ya Karibi, yametulia kama beseni. Mashariki ni Atlantiki yenyewe. Bathsheba ni pazuri mno, mawimbi yanavunjika kwenye majabali, nendeni mkale samaki mtazame, lakini asiingie mtu majini, mkondo unavuta. Na ule mwani wa kahawia, sargassum, unaoharibu fukwe kuanzia miezi ya Machi hivi, huangukia zaidi upande huo wa mashariki na kusini mashariki. Watu wanaolalamika mtandaoni kwamba Barbados inanuka mwani, wengi walilala upande usio wao.

Fukwe zote ni za umma, hata iliyo mbele ya hoteli ya matajiri. Kwa hiyo mama na dera lake hana wa kumwuliza. Kwenye mabwawa ya hoteli ndiko wana masharti ya mavazi, ulizeni mapema.

Chakula: cou-cou ni ugali wa unga wa manjano uliosongwa na bamia, unaliwa na samaki panzi, yule arukaye. Mama atakula siku ya kwanza bila kuelezwa. Ijumaa usiku nendeni Oistins, samaki wa kuchoma, makaroni ya kuoka, ngoma. Kuna Waislamu wenye asili ya Gujarat na misikiti Bridgetown, mkiuliza pale mtaelekezwa kwa kuku wa halali. Keki nyeusi ya sherehe imelowekwa pombe, msiikubali hata kwa heshima.

Ubaya: ni ghali. Chakula kingi huja kwa meli. Dola 6,000 zitatosha tu mkikodi nyumba yenye jiko, chumba cha chini, mkapika nusu ya siku. Dola mbili zao ni moja ya Marekani. Maji ya bomba yananyweka, yamechujwa na mawe ya matumbawe, msinunue chupa. Vile vibasi vyenye namba za ZR ni matatu hasa, muziki mpaka kiti kinatetemeka, nauli 3.50 yao popote uendapo. Watoto watafurahi. Mama mpandisheni basi la serikali.

BintiMvita:
Ngazi kwenye pango la Harrison's je? Watoto wameliona wanalitaka.

Kibarazani:
Mnaingia kwa kigari mmekaa. Mama pia ataingia.

NesiTampa:
Kuhusu pasi ya Kenya: Jamaica na Barbados zote hazidai viza. Hangaiko liko njiani. Mnapitia Miami, na kurudi mama anaingia Marekani upya, kwa hiyo hakikisheni viza yake ni ya kuingia mara nyingi na haiishi kabla ya siku ya kurudi. Abebe kadi ya manjano ya chanjo. Na mumkatie bima ya safari. Nimeona familia ikichangishana usiku kwa ajili ya bili ya mzee aliyeteleza bafuni, wala si ya kimbunga.

MzigoMwepesi:
Kibarazani, niliyekuwa upande wa Jamaica nimeanza kuyumba. Shemeji atasemaje lakini?

Kibarazani:
Mwambie muziki upo. Na asubuhi anaweza kutembea Bridgetown ya zamani, mji na ngome yake viko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Si reggae, lakini miguu itapata kazi.

Mawili nilisahau. Ufukweni kuna mti unaitwa manchineel, una matunda kama tufaha dogo la kijani. Ni sumu, utomvu wake unababua ngozi, hata mvua inayodondoka kutoka majanini. Mingi imepigwa mstari mwekundu shinani. Waonyesheni watoto siku ya kwanza. La pili, nguo za madoadoa ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata mtoto, hata begi.

BintiMvita:
Jana usiku nilimsomea mama yote kwa simu. Mshelisheli, samahani sana, hapa alinijibu hivi: "Shelisheli ninalo uwani, nipande ndege mbili nikalile? Na ngazi za mnara nimeziona za msikiti." Kisha akauliza ile bahari ya magharibi maji yake yanafika wapi yakijaa. Mume kakubali kwa sharti kwamba Jamaica ni mwakani wake, sisi wawili tu.

Kwa hiyo ni Barbados, Holetown au karibu yake, nyumba ya chini yenye jiko. Nikishalipa nitarudi kuwauliza habari za gari la kukodi. Kaptura ya jeshi ya kijana wangu nimeshaificha, analia.

Mshelisheli:
Mpe salamu zangu Bi Mkubwa. Na mwambie kungumanga je, anayo uwani?