psql inasema "sawa" kumbe nusu ya skripti imegoma

mwanzisha_mada

Wakuu habari zenu. Nina skripti ya SQL ya kufunga hesabu za siku. Inajumlisha malipo ya jana kutoka jedwali `malipo_ghafi`, inaweka jumla kwenye `muhtasari_siku`, halafu inafuta malipo ghafi ya siku hiyo. Ni PostgreSQL 16 juu ya Ubuntu, na cron (kipanga ratiba cha Linux) inaiita kupitia psql, programu ya kuipa PostgreSQL amri, saa nane na dakika kumi usiku:

```
10 2 * * * psql -h 10.0.0.5 -U mhasibu -d duka < /opt/kazi/funga_siku.sql 2>/dev/null && echo sawa >> /var/log/funga.log
```

Logi ina "sawa" kila siku. Lakini malipo ghafi ya tarehe 14 yamefutwa yote, na kwenye muhtasari kuna jumla ndogo, ile iliyoingizwa kwa mkono mchana wa siku hiyo wakati wa majaribio. Kwa nini psql haikulalamika?

nukta_mkato

Ililalamika mkuu, ila `2>/dev/null` imeziba mdomo wa shahidi: inatupa ujumbe wote wa makosa. Iondoe, endesha kwa mkono kwa `-f` badala ya `<`, utaona kitu kama hiki:

```
psql:/opt/kazi/funga_siku.sql:4: ERROR:  duplicate key value violates unique constraint "muhtasari_siku_pkey"
DETAIL:  Key (tarehe)=(2025-03-14) already exists.
DELETE 1832
```

Tazama mstari wa mwisho. INSERT imekataliwa kwa sababu tarehe ile ilishakuwamo, na DELETE ikaendelea na kazi yake kama kawaida. psql ikipewa faili haisimami kwenye kosa: inaandika kosa, inaendelea na amri inayofuata. Na kwa kuwa hukufungua muamala (transaction: kundi la amri zinazopita zote au kughairiwa zote), kila amri inajitegemea, ikipita imepita. Ikifika mwisho wa faili inatoka na namba 0, yaani imefaulu, ndiyo maana `&&` yako ikaandika "sawa".

(Faida ya `-f` ni hiyo namba 4. Kwa `<` huipati. Ila ni namba ya mstari wenye nukta mkato, si pale amri ilipoanzia. Amri ya mistari 30 itakupeleka mwisho wake.)

Unahitaji vitu viwili, tena kwa pamoja:

```
psql -X -w -1 -v ON_ERROR_STOP=1 -h 10.0.0.5 -U mhasibu -d duka -f /opt/kazi/funga_siku.sql
```

`ON_ERROR_STOP=1` inaisimamisha kwenye kosa la kwanza na kutoka na namba 3. `-1` inafunga faili zima ndani ya muamala mmoja, kwa hiyo INSERT ikigoma hakuna kinachofutwa. Ukiweka `-1` peke yake data itapona kosa la seva, lakini namba ya kutokea itabaki 0 na logi itaendelea kukudanganya. Ukiweka `ON_ERROR_STOP` peke yake, amri zilizotangulia kosa zitakuwa zimeshaandikwa.

`-X` inazuia `.psqlrc` (mipangilio binafsi ya psql) ya mtu kuingilia, na `-w` inaizuia psql kukaa ikisubiri nenosiri usiku wakati hakuna mtu wa kuliandika. Namba nyingine za kuweka kichwani: 2 ni muunganisho umekatika au umekataliwa, 1 ni kosa la psql yenyewe, mfano faili halipo.

seva_ya_ghorofani

Naongezea kwenye `-1`, maana watu huiweka kila mahali. Kama ndani ya faili una `BEGIN` na `COMMIT` zako mwenyewe, ile `COMMIT` ya kwanza inafunga muamala wa nje na yanayofuata yanabaki bila kinga. Chagua moja. Pia `VACUUM`, `CREATE DATABASE` na `CREATE INDEX CONCURRENTLY` hazikubali kuwa ndani ya muamala. Hizo zipe faili lao bila `-1`.

mwanzisha_mada

Asanteni sana. Nimejaribu, sasa inatoka na 3 kama ulivyosema. Mawili yamebaki. Nataka tarehe itoke nje badala ya `current_date - 1`, ili niweze kurudia siku ya nyuma, lakini hii inakataa:

```
psql -X -v siku=2025-03-14 -d duka -c "SELECT sum(kiasi) FROM malipo_ghafi WHERE muda::date = :'siku'"
ERROR:  syntax error at or near ":"
```

La pili, kwa mkono inaingia bila kuniuliza nenosiri, lakini cron inapata `fe_sendauth: no password supplied`.

nukta_mkato

La kwanza: `-c` haibadilishi vigeu, inapeleka maandishi kwa seva jinsi yalivyo. Weka amri kwenye faili na utumie `-f`, au ipitishe kwa bomba:

```
echo "SELECT :'siku'::date;" | psql -X -v siku=2025-03-14 -d duka
```

`:'siku'` inaweka alama za kunukuu yenyewe, na mtu akipachika alama yake ndani haivunji amri. `:"jina"` ni kwa majina ya majedwali na safu. Usiandike `':siku'`, maana ndani ya nukuu psql haigusi kitu. Vivyo hivyo ndani ya `DO $$ ... $$`.

La pili: cron yako ni ya mtumiaji gani? Ikiwa ni ya root, psql inatafuta nenosiri kwenye faili `/root/.pgpass`, si lile la kwako. Faili liwe na mstari huu:

```
10.0.0.5:5432:duka:mhasibu:nenosiri
```

na `chmod 600`. Likiwa wazi zaidi ya hapo linapuuzwa, na onyo lake linaishia stderr (mkondo wa makosa), kule ulikokuwa unakutupa. Sehemu ya kwanza inalinganishwa herufi kwa herufi na ulichoandika kwenye `-h`. Ukiandika jina la seva pale na IP huku, hazioani. Nenosiri lenye `:` au `\` litanguliziwe `\`. Usiliweke kwenye amri yenyewe, `ps` italionyesha kwa kila aliyeingia kwenye seva.

seva_ya_ghorofani

Kabla hujarudia tarehe 14, ngoja kwanza! Naona `muda::date`. Ikiwa `muda` ni timestamptz (tarehe na saa inayosomwa kwa ukanda wa saa) na seva iko kwenye UTC, siku yako inakatwa saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Malipo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yanahesabiwa siku iliyopita. Weka `export PGTZ=Africa/Dar_es_Salaam` (ukanda wa saa wa psql) juu ya skripti ya bash inayoita psql, na uandike sharti hivi ili faharasa (index) ya `muda` itumike:

```
WHERE muda >= :'siku'::date AND muda < :'siku'::date + 1
```

Ndani ya crontab usiandike `date +%F` moja kwa moja. Alama ya `%` pale inageuzwa mstari mpya. Iache ndani ya faili la `.sh`.

Na usishawishike kuponya ile duplicate key kwa `ON CONFLICT (tarehe) DO UPDATE` tu, yaani kuandika juu ya mstari uliopo. Malipo ghafi yakiwa yameshafutwa, `sum(kiasi)` bila GROUP BY inarudisha mstari mmoja wenye NULL (thamani tupu), na huo NULL utaandikwa juu ya jumla iliyokuwapo. Ongeza `HAVING count(*) > 0` mwishoni mwa SELECT, hapo jedwali tupu halitoi mstari wowote. Kwa tarehe 14 rudisha kwanza `malipo_ghafi` kutoka kwenye nakala rudufu, kwenye jedwali la pembeni, jumlisha hapo, linganisha, ndipo urekebishe muhtasari.

mwanzisha_mada

Kumbe, DELETE nayo ilitumia `muda::date`. Basi kila siku ilikuwa inakatwa saa tisa. Naanza na nakala rudufu.