Mrejesho: amplifaya ya kanisani iliyokuwa ikijizima

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini amplifaya yetu ya kanisani, hapa Arua, Uganda, hujizima besi ikipanda. Asanteni sana, mlilenga penyewe. Kila upande ulikuwa na spika 2 za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizofungwa sambamba, yaani kila moja imeunganishwa moja kwa moja na amplifaya, kwa hiyo amplifaya ilibeba mzigo wa omu 2, na nyuma yake imeandikwa wazi: isipungue omu 4. Omu zikipungua, mkondo wa umeme huongezeka; basi ulizidi, ikachemka, ikajilinda. Nimezifunga kwa mfululizo, yaani umeme unapita spika moja kisha nyingine, sasa ni omu 8. Jumapili ibada nzima haikuzima hata mara moja! Sauti imeshuka kidogo, maana wati zimepungua, lakini besi haikwaruzi tena na wanakwaya wamefurahi mno. Fundi aliyenihimiza ninunue amplifaya kubwa zaidi hakupima chochote. Hilo bado linaniuma.